Kizibao cha Rehema

Ile siku naikumbuka mpaka vumbi lake, mwanangu. Nikifumba macho naliona linavyonyanyuka kwenye kiwanja cha shule kule Ukonga, robo ya tatu, jua limesimama juu ya nguzo, na mie nimeshika mpira katikati ya uwanja nimegoma kuurusha.

Kaeni chini kwanza. Mipira iwekeni pale ukutani, leo hatukimbii. Najua mnavyonongonezana: sista Mwaju leo kaamka na uzee, mtu mwenyewe hata miaka ishirini na tatu hajafikisha, anatuita wanangu. Chekeni tu. Uzee si mvi peke yake. Kuna mwaka mmoja unaweza kukuzeesha kuliko ishirini iliyotulia, na mie mwaka huo ninao.

Nimewakalisha kwa sababu ya Jumamosi. Mmoja wenu, simtaji, mwenyewe anajijua na naona anaangalia viatu vyake, alisimama katikati ya mchezo akamnyooshea kidole mtoto wa watu: "Yule mamluki yule! Mtu mzima yule!" Na nyie wengine mkaitikia kama kibwagizo cha singeli. Refa akawatuliza, mchezo ukaisha, tukafungwa, tukarudi. Njia nzima sikusema neno, mkadhani nimenuna kwa kufungwa. Wapi! Asiyekubali kushindwa si mshindani, na kufungwa mie nimekuzoea toka sijaota meno ya ukubwani. Nilinyamaza kwa sababu ile sauti niliijua. Ilikuwa yangu.

Sikiliza basi, wewe uliyeangalia viatu. Na nyie wengine sikilizeni, maana kibwagizo nacho kina dhambi zake.

Mie nilikuwaga kidato cha nne, shule hiihii, Chamazi hapahapa. Kepteni, nacheza senta. Kiwanja ndicho hiki, na ile nguzo ya kule ilikuwa imeinama hivyohivyo kama inasikiliza umbea. Netiboli hakuna aliyenikalisha akanifundisha. Nilijifunza kwa kukaa pembeni nikiwaangalia dada zetu, na kwa kijitabu cha sheria kilichonyofoka kurasa za nyuma, ndiyo maana mpaka leo sheria za mwishomwisho nazisema kwa kukisia. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa Mwalimu Mbwilo, mtu wa Njombe, anafundisha jiografia, mpole mpaka unaudhika. Alikuwa anaongea taratibu kiasi kwamba akianza sentensi unaweza kufunga kamba za viatu vyote viwili, ukainuka, na bado hajafika mwisho.

Mie na yeye tulikuwa maji na mafuta ya taa. Kwa shule yangu nilikuwa nakufa, mwanangu. Mtu akisema "shule ya kata" kwa kubana pua, mie tayari nimeshavua ndala. Hasira hasara, wamesema wahenga, lakini ukiwa na miaka kumi na saba unaona wahenga walikuwa waoga tu.

Na hasira yangu ilikuwa na chanzo, nisiwadanganye. Mwaka wa nyuma yake tulikutana na shule moja iliyoleta mamluki kweli. Mtu si mwanafunzi, kavalishwa sketi ya shule, kaja kucheza. Tulipomuuliza yule mfungaji wao mwalimu wenu wa hesabu anaitwa nani, akajibu, "Sie tunamwitaga Mwalimu tu." Akatufunga mpaka tukachoka kuokota mpira: thelathini na moja kwa sita. Mwalimu Mbwilo akasema tuandike barua ya malalamiko. Ikaandikwa, ikapelekwa, ikajibiwa mashindano yameshaisha na washindi wameshakula wali. Nikaapa pale: mwakani haiandikwi barua. Mwakani inasemwa.

Basi mwaka uliofuata likaitishwa bonanza la shule za pembeni ya mji, linachezewa Ukonga. Sie tukapita mechi moja, tukapita ya pili, na kwa mara ya kwanza tangu shule hii ijengwe tukaingia fainali. Tukakutana na shule moja ya Kawe.

Kawe walikuwa na mfungaji anaitwa Rehema. Msichana mrefu, ana mabega, anatembea polepole kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji asiyetaka imwagike. Kizibao chake kifuani kina herufi GS, za mfungaji. Hana kelele, hana mbwembwe. Akidaka mpira anavuta pumzi, anaitazama pete, mpira unazama bila kugusa chuma. Robo ya pili inaisha wako mbele kwa magoli matano, na manne ya mwisho yote yake.

Mapumziko, mlinzi wetu Sikudhani akanivuta pembeni. Huyu Sikudhani alikuwa na shangazi yake Kawe, likizo zote anashinda kule.

"Mwaju, yule GS wao namjua."

"Unamjua wapi?"

"Kuna duka la viungo pale Kawe, la bibi mmoja wa Kiarabu. Yule anauzaga pale. Na ana mtoto, Mwaju. Nimemwona kwa macho yangu anamnyonyesha nyuma ya mapazia."

"Ana mtoto wake wa kumzaa?"

"Sasa unadhani mdogo wake anamnyonyesha yeye?"

Mwanangu, hesabu yangu ilikuwa fupi. Ana mtoto, basi si mwanafunzi. Si mwanafunzi, basi mamluki. Nyie wa leo mnaona ajabu, lakini sie tulikua tukijua kwamba msichana akishika ujauzito jina lake linafutwa kwenye daftari, na dawati lake anapewa mwingine kabla hata tumbo halijaonekana. Ruhusa ya kurudi shule baada ya kujifungua ilikuwa ndiyo kwanza imetoka. Tuliisikia redioni, tukaisahau. Hakuna aliyekuwa amemwona mtu aliyerudi. Tulimwona Rehema, hatukujua ndiye.

Mwalimu Mbwilo alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale, anagawa chupa za maji. Hatua kumi na tano! Ningekwenda nikamwambia sikioni, naye angeongea na mwalimu wa Kawe sikioni, wangefungua fomu zile zenye picha na mihuri, wangefunga, na dunia isingejua kitu. Lakini nilikuwa nimeapa. Robo ya tatu ikaanza, nikapewa mpira katikati, filimbi ikalia, mie nimesimama nao.

"Senta, cheza," refa akasema.

"Sichezi! Hawa wameleta mamluki. Huyo GS si mwanafunzi, huyo ni mama wa mtu!" Nikamgeukia mwenyewe. "Wewe! Kamnyonyeshe kwanza mwanao kisha ndiyo uje tucheze!"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Na kicheko cha umati, mwanangu, ukikianzisha wewe kina utamu wake. Nisikufiche. Nilijiona mrefu kuliko nguzo.

Refa akasimamisha mchezo, akaita walimu na fomu. Mwalimu wa Kawe alikuwa mama mmoja mwembamba. Akafungua karatasi mbele ya refa. Picha ya Rehema ipo. Muhuri upo. Yule mama akasema, si kwa kupayuka, lakini watu walikuwa wamenyamaza kwa hiyo wote tulisikia: "Huyu ni mwanafunzi wangu wa kidato cha nne. Alitoka shule nyingine, akajifungua, amerudi kwa utaratibu uliowekwa. Kuna swali lingine?"

Hakukuwa na swali. Ila niliona jambo ambalo wengi hawakuliona. Niliona wenzake sita wa Kawe wakigeuka mmojammoja kumtazama, na nyuso zao zinauliza. Kumbe na wao walikuwa hawajui. Alihamia pale aanze upya, mkuu wa shule na yule mwalimu peke yao ndio walioijua siri. Wenzake waliambiwa yule mtoto wa dukani ni mdogo wake.

Rehema alivua kile kizibao cha GS, akakikunja mara nne, vizuri kabisa, namna wanavyokunja nguo za watoto wachanga, akakiweka chini ya nguzo. Akatoka nje ya mstari, akapita kati ya watu, wakampisha huku wanacheka. Akaenda.

Kawe hawakuwa na mfungaji wa akiba. Refa akanipa onyo, mchezo ukaendelea, wao sita sie saba. Tukashinda ishirini na nne kwa ishirini na mbili.

Ndiyo lile kombe lililoko ofisini kwa mkuu wa shule. Lile mnalolipigia saluti mkipita. Mie silitazamagi.

Siku ile lakini nililitazama sana. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Mwalimu Mbwilo alitupa mkono mmojammoja, "Hongera, hongera," akafika kwangu akapita, akaenda kuokota mipira. Nilidhani kanisahau.

Jumatano akaniita ofisini. Mezani kwake kuna kile kizibao, bado kimekunjwa mara nne.

"Mwajuma."

"Naam, mwalimu."

"Hiki si chetu. Utakirudisha Kawe, umpe mwenyewe mkononi."

"Sawa mwalimu. Sikudhani ana shangazi yake kule, nitampa apeleke."

Akanitazama. Akaanza ile sentensi yake ndefu, ila siku hiyo ilikuwa fupi: "Wakati wa kusema, ulimpa Sikudhani akusemee?"

Ule ukaidi ukanipanda. "Mwalimu, mie nilikuwa naitetea shule."

"Shule ilikuwa inashambuliwa na nani?"

Akaniambia amempigia simu mwalimu mwenzake. Rehema alikwenda shule Jumatatu, hakumaliza hata kipindi cha kwanza, akarudi nyumbani. Hajaonekana tena. Na mtihani wa taifa wa kidato cha nne umebaki miezi miwili na ushee.

Basi pale ndipo nilipopima nilichokifanya. Maana unaweza kumfunga mtu goli, ukamfunga hata thelathini, kesho mkakutana mkacheka. Kumtoa mtu shule ni jambo jingine. Nilitaka kikombe, nikachukua maisha ya mtu.

Nilizungusha siku mbili nzima, ooh naumwa, ooh sina nauli. Jumamosi nikaenda. Toka Chamazi mpaka Kawe unaukata mji mzima, mwanangu, na safari nzima nilikuwa natunga uongo: nitasema ni rafiki yake, nitasema nimetumwa na ofisi. Duka nikaliona kwa harufu kabla ya macho, iliki na karafuu na ubani. Mbele amekaa bibi mmoja mweupe wa makamo ya juu, kajitanda kanga, miwani kaifunga kwa uzi nyuma ya kichwa. Anaitwa Bi Aziza. Ndiye bibi yake Rehema, aliyemlea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nikupe iliki au sabuni?"

"Namtafuta Rehema."

Akanitazama juu ya miwani, akatazama mfuko wa nailoni niliobeba, ile GS inaonekana kwa ndani. Uongo wangu wote ukayeyuka palepale.

"Aaa," akasema. "Kumbe ndiye wewe mwenye mdomo. Mie nilidhani utakuwa lijitu likubwa. Kumbe kiumbe chenyewe ndiyo hiki!"

"Ndiyo mie, bibi."

"Haya pita ndani. Rehema anafua uani. Mshike huyu."

Nikapewa mtoto. Sikuulizwa kama najua kubeba. Anaitwa Nasri, ana miezi kama tisa, mzito kama mfuko wa mchele na mashavu yamejaa. Nikakaa naye juu ya ndoo iliyopinduliwa, Bi Aziza akaendelea kuhudumia wateja kana kwamba mie ni kopo la rafu. Nusu saa. Saa nzima. Nasri akanivuta sikio, akanitemea maziwa begani, mwishowe akanikojolea sketi. Nikiinua macho kuomba msaada, yule bibi anapima binzari.

Wateja walipopungua ndipo akasema, tena bila kunitazama, anafunga pilipili manga kwenye karatasi:

"Mzito?"

"Mzito, bibi."

"Basi yeye anambeba huyo, na daftari, na ndoo ya maji, kisha anakuja kwenye mpira wenu anafunga magoli. Na wewe uliyekuwa mikono mitupu ukamwona yeye ndiye mwizi." Akafunga kifurushi, akakata uzi kwa meno. "Mjukuu wangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na kuna maneno wazee wetu waliyasema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole utalifunga kitambaa. Ulimi utaufunga nini?"

Rehema akatoka uani, mikono ina povu. Aliponiona na mwanawe mapajani, alisimama.

"Mpe bibi mtoto."

Nikampa. "Rehema, nimekuja kukuomba radhi. Na kizibao chako hiki hapa."

"Changu? Nikakivae wapi?" Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugomvi, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Jumatatu nimekwenda shule, nimekuta juu ya dawati langu wameweka chupa ya mtoto ya kunyonyea. Imejazwa maji ya chaki. Darasa zima linanisubiri nikae. Unajua bibi yangu alikwenda maofisini mara ngapi kunitafutia nafasi pale? Mara saba. Mara saba na magoti yale unayoyaona. Wewe umenitoa kwa sentensi moja."

Nikalia. Akanitazama nilivyolia, akarudi uani kufua. Nilidhani machozi yangu yana thamani, kumbe kwa mwenzio aliyekwishalia yake, ni maji tu.

Nikamgeukia Bi Aziza. "Bibi, nimeomba radhi, nifanye nini tena?"

"Umeombea wapi?"

"Si hapa?"

"Hapa tuko watatu na mtoto. Ulipomtukana mlikuwa wangapi?"

"Wengi."

"Basi karudishe palipo na wengi. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo nalijua, siwezi kukudanganya. Lakini aliyemwaga hakatazwi kupiga deki." Akanipa kipande cha kanga nijifute mkojo. "Na hicho kizibao kaa nacho. Mwenyewe hajakitaka."

Jumapili nilikwenda kumgongea Mwalimu Mbwilo nyumbani kwake, anatoka kanisani na familia yake, suti ya kijivu, Biblia mkononi. Nikamwambia ninachotaka kufanya. Hakunisifu. Akaingia ndani, akaandika barua kwa mkono. Mie niliyeapa barua haitaandikwa, nikaibeba ile barua kama yai.

Jumanne asubuhi nikasimama mstarini kule Kawe, nimevaa sare ya shule yangu, mbele ya shule nzima. Mkuu wao alisoma barua, akasema, "Mwache aseme," akasogea pembeni. Kutambulika tu, wakaanza: "Chamazi! Chamazi, rudisheni kombe letu!" Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Kaja kunyonyesha huyo!" Wakacheka, kicheko kilekile, sasa kimenigeukia mie. Nikasikia kilivyo kikiwa upande wa pili.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakapotea. Nilichosema ni hiki: "Mie ndiye kepteni wa Chamazi. Nilisema Rehema si mwanafunzi. Nilisema uongo, na nilikuwa na hatua kumi na tano za kuuliza ukweli, sikuzitembea. Alikuwa mwanafunzi kuliko mie, maana mie nilipelekwa shule, yeye alirudi mwenyewe. Lile kombe tulilipata kwa mdomo, si kwa mkono. Na aliyeweka ile chupa dawatini, alijifunza kwangu. Mie nilikuwa mjinga. Tusiwe wawili."

Basi. Hakuna aliyepiga makofi, usidhani ni tamthilia. Waliimba wimbo wa taifa, wakaingia madarasani. Nilitafuta uso wa Rehema kwenye mistari yote. Hakuwepo.

Nikatoka nimeinamisha kichwa. Pale getini, kwenye kiti cha mlinzi, amekaa Bi Aziza. Kanga zake mbili, miwani yake ya uzi, fimbo mapajani. Kaja kwa miguu toka dukani kuhakikisha kama nitasema au sitasema. Hiyo ilikuwa safari yake ya nane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimesikia," akasema, huku anajiinua taratibu, mkono mmoja kwenye bega langu. "Nitamfikishia."

Alhamisi ile Rehema alirudi darasani. Yule mwalimu wake ndiye aliyempigia Mwalimu Mbwilo, na Mwalimu Mbwilo akaja mpaka kiwanjani kuniambia, akasimama, akasema, "Amerudi," akageuka zake. Sentensi yake fupi kuliko zote. Rehema akafanya mtihani, akafaulu. Sasa yuko chuo, anasomea mambo ya maabara, na Nasri ameanza shule ya awali. Hayo nayajua kwa Bi Aziza, maana kila nikipita Kawe napeleka salamu, na kila nikipeleka salamu naambiwa nipange makopo.

Lakini sijamaliza, mwanangu, na hapa ndipo nilipowaitia.

Rehema alirudi shule. Uwanjani hakurudi. Ule mkono, ile pumzi, ule mpira usiogusa chuma, basi, ulikomea Ukonga. Nilimuuliza mwaka jana, tumekutana pale dukani, tunasalimiana sasa. Nikamwambia njoo Jumamosi moja tu, uwaonyeshe wasichana wangu namna ya kufunga. Akatabasamu. Akaniambia, "Mwaju, nimekusamehe, wallahi. Ila nikiinua mikono kufunga, nasikia kile kicheko."

Kizibao chenyewe hiki hapa. Nakuja nacho kila siku kwenye begi, mnakionaga mnadhani cha akiba. Si cha akiba. Kina mwenyewe.

Kwa hiyo wewe mwenye viatu, inua uso. Mie sikuchukii. Wewe unaipenda shule yako na mtu asiyeipenda shule yake hana analolipenda. Lakini nakuusia: mapenzi ya timu ni moto wa kupikia, ukiuacha ukatoka mafigani unaunguza nyumba ya jirani. Mamluki wapo, sikatai, na wakiwepo tutawapinga. Ukimtilia shaka mtu, njoo kwangu. Mie nitakwenda kwa mwalimu wao. Fomu zitafunguliwa na watu wazima, pembeni, kwa sauti ya chini. Kama ni kweli, tutashinda kwa haki. Kama si kweli, hakuna aliyeumia. Hatua kumi na tano tu, mwanangu. Zitembee kabla mdomo haujazitembea. Mtu anayesimama mbele yako na kizibao kifuani, hujui kapita mageti mangapi mpaka kufika pale.

Na usisubiri bibi wa mtu akupe mtoto akukojolee ndiyo ujifunze. Jumamosi tunarudiana na ile shule, kwao. Yule msichana nimeshaambiwa ni mwanafunzi, tena kidato kimoja na wewe, ni mrefu tu kama Mungu alivyopenda. Kabla ya filimbi utakwenda kumwomba radhi. Si kule pembeni kwenye mabegi. Pale katikati, palipo na wengi. Na nyie mlioitikia, mtakwenda nyuma yake kama mlivyoitikia. Mie nitakuwepo, nitasimama nawe, sijawahi kumwacha mchezaji wangu peke yake na sitaanza leo.

Mungu akujaalie, mwanangu, mkono mwepesi wa kudaka na ulimi mzito wa kurusha. Akukuze mpaka uwe mrefu, na siku ukiwa mrefu asikukutanishe na mtu kama nilivyokuwa mie. Na kila mlango utakaoutoka, akuwekee mtu wa kukurudisha, japo kwa magoti mabovu, japo mara nane.